Maswali ya Wasomaji: Pikipiki ya Porini Iliyotumika, Ninunue au Niiache?

Makala yetu kuhusu usafiri wa wahudumu wa afya na maofisa ugani katika vijiji visivyofikiwa na lami imetuletea barua nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: je, ni busara kununua pikipiki ya porini iliyokwisha tumika wakati mpya zipo madukani? Tumechagua barua sita. Tunaposema pikipiki ya porini tunakusudia ile yenye tairi za meno makubwa, shokapu ndefu na injini iliyonyanyuliwa juu ya ardhi, kuanzia Honda XL na Yamaha AG na DT ambazo wengi tumezizoea, hadi zile za mashindano ambazo hazina hata taa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa parachichi. Shamba langu liko mbali na nyumbani, na kuanzia Desemba hadi Aprili njia yote huwa tope tupu. Nimeulizia Honda XR150L mpya dukani, na nimeambiwa kwamba kwa fedha hiyohiyo ninaweza kupata XL125 mbili za zamani na chenji ya mbolea ikabaki. Vijana wa hapa wananicheka kwamba ninataka kununua kaburi la mtu. Naomba mwongozo, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia. – Mkulima, Njombe

Vijana hao wanakosea kwa kuhesabu miaka. XL125 ni pikipiki ya kazi yenye injini ya silinda moja inayopozwa na upepo. Haina rejeta wala kompyuta, na fundi wa kijijini huifungua kwa spana chache akiwa chini ya mti. Kwa chombo cha namna hiyo, umri peke yake si hoja kubwa. Kinachokiua ni vumbi linalopenya kwenye chujio la hewa lililochakaa, na oili inayoachwa ndani hadi ikapoteza utelezi wake wote. Pikipiki ya miaka 15 iliyokuwa mikononi mwa mtu mwenye desturi ya kuosha chujio wakati wote wa kiangazi bado ni mali, na ya miaka mitatu iliyokimbizwa bila chujio ni mzigo. Unaponunua iliyotumika unanunua pia tabia za aliyeitumia, kwa hiyo kazi yako siku ya ukaguzi ni kuzitambua tabia hizo kwa kuangalia chuma, bila kutegemea maneno ya muuzaji.

Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ukikuta ina moto, kuna jambo linalofichwa, kwa kuwa injini ambayo valvu zake zimebana au ringi zake zimekwisha huwaka kwa taabu ikiwa baridi na kwa urahisi ikishachemka; mngoje mpaka ipoe, hata ikibidi muagize chai. Kisha, swichi ikiwa imezimwa, ikanyage kiki polepole. Inatakiwa igome mahali fulani na kuubeba uzito wa mguu wako kabla ya kushuka, na ikiteremka moja kwa moja bila kizuizi ujue kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imekwenda. Ikishawaka, simama nyuma ya eksozi. Moshi mwembamba wa dakika za mwanzo si neno, ila moshi wa bluu unaoendelea, hasa ukipiga resi baada ya kuiacha ingurume kwa muda, ni dalili kwamba inakula oili.

Sehemu ambayo wanunuzi wengi huiruka ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Fungua kifuniko cha ubavuni, toa chujio la hewa, halafu ingiza kidole ulichokiviringishia kitambaa cheupe ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, yaani upande ule ambao vumbi halipaswi kufika kamwe. Kitambaa kikitoka na uchafu mkavu wa rangi ya udongo, na ukiusugua kati ya vidole ukahisi chembechembe, basi udongo huohuo umekuwa ukipita kwenye pistoni na kuta za silinda kwa muda mrefu, na rangi mpya ya tenki haiwezi kulibadili hilo. Sponji ya chujio nayo ina ushahidi wake. Iliyotunzwa hunata kwa oili kidogo, ilhali iliyopuuzwa huwa kavu na imechanika ukingoni, au imekwisha kutupwa na mahali pake pamezibwa kwa kipande cha godoro. Nikikuta godoro, mimi humshukuru mwenye mali na kwenda zangu.

Ukimaliza na injini, hamia kwenye mwili. Ivute cheni nyuma ya sproketi kubwa; ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha nusu ya jino, cheni na sproketi zote mbili zinahitaji kubadilishwa kwa pamoja. Inyanyue pikipiki juu ya kreti, ushike gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha uushike uma wa nyuma na kuusukuma kulia na kushoto, kwa sababu mchezo wowote utakaouhisi ni beringi au bushi zilizokwisha. Zungusha usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unanasa kidogo katikati, beringi za shingo zimejichonga. Gonga spoku kwa spana moja baada ya nyingine, na usikilize zile zinazotoa sauti butu, kwa kuwa hizo zimelegea. Mwisho, chunguza maungio ya fremu nyuma ya shingo na mahali zinaposhikiliwa pedeli za miguu. Fremu ya pikipiki ya porini hupasuka hapo, na ukiona sehemu hiyo peke yake imepakwa rangi mpya, uliza kwa nini, tena uulize mara mbili.

Namba ya kilomita usiihangaikie. Waya wa mita hukatika mapema katika njia mbovu, na wenye pikipiki wengi hawajishughulishi kuubadilisha. Angalia badala yake meno ya pedeli za miguu, mpira wa gia na kiti. Pikipiki yenye kilomita 8,000 kwenye mita huku pedeli zimelika hadi kuwa laini imesema umri wake yenyewe.

Kuhusu bei, chukua ile anayoitaka muuzaji, ongeza gharama ya cheni na sproketi, tairi mbili, beringi za magurudumu na pleti za klachi, hata kama si zote zinazohitajika leo, kwa sababu utazihitaji kabla ya mwaka kwisha. Jumla ikizidi theluthi mbili ya bei ya mpya, mimi ningenunua mpya bila kusita, maana XR150L ina injini ya sentimita za ujazo 149 inayopozwa na upepo vilevile na haina ugeni wowote kwa mafundi wetu. Jumla ikiwa chini ya nusu, na kitambaa chako kimetoka safi, nunua iliyotumika. Hapo katikati utaamua kwa kuangalia kama mjini kwako kuna fundi unayemwamini, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye tenki. Ila usinunue mbili. Nunua moja iliyo bora, na fedha ya ile ya pili iweke kwa ajili ya spea.

Mhariri, mradi mmoja uliomaliza muda wake umetangaza kuuza pikipiki zake kwa mnada, nyingi zikiwa Yamaha AG100 na DT125 zenye namba za DFP, yaani za miradi inayofadhiliwa na wahisani. Wenzangu wanasema za miradi ndizo zenye afya kuliko zote. Ni kweli? Na makaratasi yake yakoje? – Mfanyabiashara, Kasulu

Mara nyingi ni kweli, na sababu yake ni faili kuliko chuma. Pikipiki ya mradi huwa na dereva mmoja aliyefunzwa, ratiba ya matengenezo na daftari linaloonyesha lini oili ilibadilishwa na fundi gani aliishika. Omba uonyeshwe daftari hilo kabla ya mnada. Mradi ulioweka kumbukumbu hauoni taabu kuzitoa, na daftari lenye mihuri ya miaka minne lina thamani ya fedha halisi. Tatizo kubwa la pikipiki za mnada ni kusimama. Nyingi huegeshwa ukutani mradi unapofungwa, zikangoja vibali mwaka hata miaka miwili huku petroli ikigeuka gundi ndani ya kabureta, mpira wa sili ukikauka na panya wakijenga kwenye boksi la chujio. Kusafisha kabureta si gharama ya kutisha. Kutu iliyoingia ndani ya silinda ni habari nyingine. Chomoa plagi, umulike ndani kwa tochi ya simu, na ujaribu kuizungusha injini kwa kiki kabla hujafikiria kutaja bei.

Kuhusu AG100 hasa, ni pikipiki iliyobuniwa kwa ajili ya mashamba. Injini yake ni ya mapigo mawili, yaani inayounguza oili pamoja na petroli, cheni yake imefunikwa yote ndani ya kasha, na ina vyuma vya kubebea mizigo. Kasha hilo hulinda cheni dhidi ya tope, na kwa sababu hiyohiyo huficha cheni iliyosahauliwa, kwa hiyo usikubali kununua bila kuchungulia ndani.

Masharti ya minada ya mali za umma hapa nchini hayatofautiani sana, na ni vyema uyasome kwenye tangazo lenyewe. Kwa kawaida chombo huuzwa kama kilivyo na mahali kilipo, maana yake ukikuta kesho yake kwamba gia ya tatu inachomoka huna wa kumlalamikia. Mshindi hutakiwa kulipa papo hapo amana isiyopungua asilimia 25 ya bei na kumaliza deni ndani ya siku 14, la sivyo hupoteza chombo pamoja na amana. Minada ya mashirika binafsi huweza kuwa na masharti mengine. Kwa namba za DFP, kumbuka kwamba vyombo hivyo mara nyingi huingizwa kwa msamaha wa kodi, na msamaha huo hautembei na chombo kwenda kwa mnunuzi binafsi. Kabla ya siku ya mnada, waulize wauzaji kwa maandishi nani atalipa kodi inayodaiwa, kisha upeleke namba ya fremu katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato ukapate makadirio. Wapo waliokwisha kushangilia bei ya nyundo halafu wakaiacha pikipiki iozee uani kwa kuwa haikuwahi kupata namba ya kiraia.

Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 11 na ameshikwa na motokrosi tangu alipotazama mashindano pale Jamhuri Park. Rafiki ya mume wangu anauza KTM 85 SX ambayo mita yake inasoma saa 40, na anasema iko karibu na mpya. Mume wangu anataka tununue mpya kabisa ili tuwe na uhakika. Mimi naogopa mwili wa mtoto na mfuko wa nyumba. – Mama, Nairobi

Dada, hofu zako zote mbili zina msingi, na kwa bahati nzuri zina jibu moja: msinunue mpya, wala msinunue hiyo 85.

Nianze na mtoto. KTM 85 SX ni chombo cha mashindano. Injini yake ya mapigo mawili hulala kimya katika mizunguko ya chini, kisha nguvu zote hufika kwa mkupuo, na mtoto ambaye hajawahi kuendesha hujikuta ameshikilia usukani huku pikipiki imekwisha kuondoka. Anayeanza humfaa zaidi Honda CRF110F au Yamaha TT-R110E iliyotumika, ambazo ni za mapigo manne, zinapozwa na upepo, na husamehe makosa. Mtoto wa miaka 11 hatakaa nayo muda mrefu kabla miguu haijaizidi, na hilo ndilo linalofanya mpya kuwa hasara: mtalipa bei kamili kwa kitu ambacho mtakiuza kabla hakijachakaa. Kipimo cha kimo ni rahisi. Akikaa kitini akiwa amevaa buti, mbele ya nyayo zote mbili iguse ardhi.

Akishajua kazi, na mkaifikiria tena 85, basi lazima muelewe maana ya hizo saa 40. Pikipiki za mashindano hazihesabiwi kwa kilomita bali kwa saa ambazo injini imefanya kazi, na maisha ya injini zake ni mafupi kwa namna inayowashangaza waliozoea bodaboda. Kwa mfano, kitabu cha Honda CRF250R cha mwaka 2010, ambayo ni ya mapigo manne, kiliagiza pistoni na ringi zibadilishwe kila baada ya mashindano 6 au takribani saa 15. Mwendeshaji wa burudani huweza kuvuka kiwango hicho, lakini kinatosha kuonyesha kwamba saa 40 za mashindano si karibu na mpya. Kwa injini ndogo ya mapigo mawili pistoni si ya bei ya kuumiza, na fundi anayeijua huibadilisha ndani ya mchana mmoja, kwa hiyo uliza ilibadilishwa lini na risiti iko wapi. Risiti ikikosekana, hesabuni kwamba haijabadilishwa na mpunguze bei kwa kiasi hicho. Na ile mita ya saa yenyewe ni kidude kinachofungwa kwenye waya wa plagi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kufunga kingine kinachoanzia sifuri. Mtazame pia ukubwa wa magurudumu, kwa kuwa 85 SX hutengenezwa kwa vipimo viwili, yaani inchi 17 mbele na 14 nyuma, au 19 na 16 kwa watoto warefu zaidi.

Mambo mawili mengine, kwa haraka. Pikipiki hizi hazina taa, vioo wala namba ya usajili, hivyo zinabebwa kwa pikapu hadi uwanjani na hazikanyagi barabara hata kwa mita mia. Na fedha mtakayookoa kwa kununua iliyotumika iende kwenye helmeti mpya, mpya kabisa, ya saizi ya kichwa chake cha leo. Helmeti iliyowahi kupigwa chini kwa nguvu imekwisha kazi yake hata kama ganda linang'aa, na kwa nje huwezi kujua historia yake. Buti na kinga za kifua za mitumba nazikubali. Helmeti hapana.

Shikamoo mzee. Nimepata XL safi sana kwa nusu ya bei ya soko. Kadi iko kwa jina la mtu aliyefariki, na muuzaji, ambaye ni mpwa wake, anasema atanitumia kadi akishaipata kutoka kijijini. Nimpe hela? – Kijana, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usimpe hata shilingi ya kishika uchumba. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mpwa asiye na barua ya uteuzi huo hana cha kukuuzia, hata kama anasema kweli kwamba mjomba alimpenda. Siku ukikamatwa barabarani bila kadi, au warithi wakijitokeza, utapoteza pikipiki na fedha. Mwambie alete barua ya usimamizi, kadi halisi na kitambulisho chake, mkae na shahidi muandikishane mkataba wa mauziano, kisha mlinganishe namba ya injini na ya fremu na zile zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, huku mkipitisha kidole juu ya namba ya fremu kuhakikisha haijasuguliwa na kuchongwa upya. Angalieni pia kama namba yake ya usajili ina faini za barabarani ambazo hazijalipwa. Kisha mwende wote wawili mkabadilishe umiliki, na fedha ya mwisho itoke mkononi mwako huko, si kabla. Muuzaji halali atachoka kidogo na masharti hayo lakini atakubali. Asiyekubali atakuwa amekujibu swali lako.

Assalaam alaykum. Nipo Ibra, Oman, na kila baridi ikiingia tunapanda michanga ya Sharqiya. Jamaa mmoja anauza pikipiki ya enduro, yaani ya mbio za masafa marefu porini, yenye injini ya sentimita za ujazo 450, kwa bei nzuri kwa vile msimu unakwisha. Nafikiria niitumie msimu mmoja kisha niipeleke Unguja kwa binamu zangu. Vipi rai yako? – Msomaji, Ibra

Waalaykum salaam. Kununua msimu unapokwisha ni busara, kwa sababu mwenye kuuza hataki kuilisha pikipiki joto la miezi yote ya kiangazi bila kuipanda. Lakini pikipiki ya mchangani huumia kwa namna yake. Kupanda tuta la mchanga kunadai injini izunguke kwa nguvu huku mwendo ukiwa mdogo, kwa hiyo upepo haupiti kwenye rejeta ipasavyo na klachi huteleza muda mrefu. Fungua kifuniko cha oili na unuse. Harufu ya kuungua ni pleti za klachi. Angalia mapezi ya rejeta kama yamelala au yamezibwa, na maji yake yawe na rangi ya kipoza-joto, yasiwe ya kahawia. Zungusha mkono wa mafuta kisha uuachie ghafla: usiporudi wenyewe kwa haraka, mchanga umeingia, na palipoingia mchanga hapo huenda umeingia pengine. Kile kipimo cha kitambaa cheupe nilichomwelezea mkulima wa Njombe kwako ni cha lazima maradufu, kwa sababu mchanga wa jangwa ni mgumu kuliko vumbi la shambani.

Ama kuipeleka Unguja, rai yangu ni kwamba usiwaletee binamu zako taabu. Injini ya 450 ya enduro inataka oili kila baada ya saa chache za kazi, valvu zake hukaguliwa mara kwa mara, na spea zake hazipo katika maduka ya Darajani. Halafu usajili wa Zanzibar una taratibu zake mbali na za Bara, na chombo kilichokuwa kikipandwa jangwani bila usajili hakitapata kadi kwa sababu tu kimefika bandarini. Iuze hukohuko Ibra msimu ujao unapoanza, wakati wanunuzi ni wengi, na fedha uwatumie wanunue 150 yenye taa na kiti cha watu wawili.

Mhariri, mimi nimekwisha nunua: DT125, imetumika, makaratasi yamekamilika. Nianze na nini kabla sijaipeleka njiani? – Mwalimu, Ludewa

Hongera, Mwalimu. Chukulia kwamba hakuna chochote kilichowahi kubadilishwa, hata kama muuzaji amekuapia. Mwaga oili ya gia, ambayo katika injini hii ya mapigo mawili iko peke yake, na utazame kama ina chembe za chuma au imegeuka rangi ya maziwa, jambo linaloonyesha kwamba maji yaliwahi kuingia, pengine mtoni. Osha chujio la hewa, ulikaushe na ulipake oili yake. Badilisha plagi, ukague nyaya za breki na klachi kama hazijaanza kukatika nyuzi, na usome tarehe ya tairi, ile namba ya tarakimu nne iliyogongwa ubavuni. 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani sana hupasuka ubavuni hata kama meno yake ni marefu, na huko Ludewa kwenye mawe na miteremko hilo si jambo la kungojea.

Lililo muhimu kuliko yote hayo ni pampu ya oili. DT hii ina tenki dogo la oili linalojilisha lenyewe kwenye injini, na baadhi ya mafundi huikata pampu hiyo ikisumbua, wakamwambia mwenye pikipiki awe anachanganya oili moja kwa moja kwenye petroli. Taarifa hiyo si lazima imfikie mnunuzi wa pili. Muulize muuzaji, kisha usimwamini. Kwa tenki la kwanza la petroli changanya oili ya mapigo mawili kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, jaza pia tenki la oili, na ubandike kipande cha selotepu pale kiwango kilipofika. Itatoa moshi mwingi kuliko kawaida, usijali. Endesha karibu na nyumbani mpaka tenki hilo la petroli limalizike, halafu ulinganishe kiwango cha oili na selotepu. Kikiwa kimeshuka, pampu inafanya kazi na unaweza kurudi kwenye petroli tupu. Kikiwa palepale, endelea kuchanganya kila unapojaza, na umwite fundi aifungue pampu kabla hujaanza safari za mbali.